Kuitengeneza na Kuiboresha Vespa Nyumbani

Vespa ya gia za mkono ni skuta ya silinda moja. Injini yake hukaa ubavuni mwa kulia chini ya kifuniko cha bati, na gia zake hubadilishwa kwa kuzungusha mshiko wa kushoto wa usukani huku klachi imebanwa. Haina mnyororo: nguvu hutoka kwenye klachi, hupita kwenye meno ya gia na kufika moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Haina pia fremu ya mabomba kama pikipiki. Bati lake lenyewe ndilo fremu. Mjini Unguja ni chombo cha kila siku. Hupenya vichochoro vya Mji Mkongwe ambako gari haliingii, hubeba mtu na mkewe, mchele na ndoo ya samaki, na hukaa katika familia miaka mingi, baba akimwachia mwana.

Skuta hii ilibuniwa Italia mara baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikiunda ndege, na kiwanda chake cha Pontedera kilikuwa kimepigwa mabomu. Enrico Piaggio alimpa kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki: zilichafua nguo, na kutoa tairi lake kulikuwa adha. Hati ya ubunifu iliwasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. D'Ascanio alilishika gurudumu la mbele kwa mkono mmoja tu wa pembeni, kama gurudumu la ndege, ili litoke kwa dakika chache. Nchini India, kampuni ya Bajaj iliunda Vespa kwa leseni katika miaka ya 1960, kisha ikaendelea na skuta yake ya Chetak kuanzia 1972. Jina la kampuni hiyo hiyo ndilo lililozaa neno bajaji.

Maelezo yanayofuata yanashika modeli ya PX, iliyoanza kuuzwa 1977 na iliyopata injini za cc 125, 150 na 200. Ni skuta iliyoundwa ifunguke. Injini nzima hushuka chini kwa kutoa bolti moja ndefu inayoishikilia kwenye bodi, bolti ya shokapu, mpira wa petroli na waya zake. Mwenye subira na spana zinazofaa anaweza kufanya sehemu kubwa ya matengenezo kwenye uwanja wa nyumba yake.

Injini na mafuta yake

Injini ya PX ni ya mapigo mawili: kila pistoni inapopanda na kushuka mara moja, moto huwaka mara moja. Petroli na hewa haziingii moja kwa moja juu ya pistoni. Hupita kwanza kwenye chumba cha kranki, chini, ndipo husukumwa juu kupitia njia zilizochongwa ubavuni mwa silinda. Kwa kuwa chumba hicho hupitisha petroli, hakiwezi kuwekwa oili ya kudumu kama injini ya gari. Oili lazima ije pamoja na petroli, ilainishe beringi, pistoni na silinda, kisha iungue na kutoka kama moshi.

Kipimo cha PX ni asilimia 2. Maana yake ni mililita 20 za oili ya mapigo mawili kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Oili hutangulia, petroli hufuata, kisha mchanganyiko hutikiswa vizuri kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Oili ya gari haifai kwa kazi hii, kwa sababu haikutengenezwa iungue. Baadhi ya PX zina tangi dogo la oili linalojichanganyia lenyewe. Kwa hizo, kazi ni kuangalia kijidirisha cha kioo mara kwa mara.

Gia na klachi zina oili yake mbali: mililita 250 za SAE 30. Humwagwa injini ikiwa bado ya moto ili uchafu utoke nayo. Unga laini wa kijivu kwenye oili iliyotoka ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole vinaonyesha kuwa jino la gia au beringi inavunjika, na skuta isiendeshwe tena mpaka injini ifunguliwe.

Vifaa

Spana za namba 8, 10, 11, 13, 14 na 17, soketi ya plagi ya 21, soketi ya 24 kwa nati ya gurudumu la nyuma, bisibisi bapa na ya nyota, plaiza, brashi ya waya na msasa laini hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Viongezwe vibapa vya kupimia nafasi, mkebe wa grisi na petroli kidogo ya kuoshea. Petroli hiyo ikae nje penye upepo, mbali na jiko na sigara. Vikopo vitupu vya maziwa ni bora kwa kuhifadhia nati: kila sehemu inayofunguliwa iwe na kikopo chake, na picha ya simu ipigwe kabla ya waya wowote kuchomolewa.

Isipowaka

Skuta isiyowaka huuliza maswali matatu, na yaulizwe kwa mpangilio huu: petroli inafika? Cheche ipo? Mgandamizo upo? Anayeanza kwa kununua kabureta mpya kabla ya kuyajibu anacheza bahati nasibu.

Petroli hupimwa kwa kuchomoa mpira wake upande wa kabureta na kufungua koki. Itiririke bila kukatika. Ikidondoka matone, koki au mpira umeziba. Kuna hitilafu moja inayosumbua wengi: skuta inawaka vizuri, inakwenda dakika kadhaa, inazima, kisha inawaka tena baada ya kupumzika. Mara nyingi ni tundu dogo la hewa kwenye mfuniko wa tangi lililoziba. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii nyuma yake. Mfuniko ukilegezwa na injini ikapata nafuu, ugonjwa umejulikana.

Cheche hupimwa kwa kutoa plagi, kuirudisha kwenye kofia yake na kugusisha kiwiliwili chake kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka, kisha kupiga kiki. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Plagi isiachwe ikining'inia bila kugusa chuma wakati wa kupiga kiki, kwani mfumo wa kielektroniki unaweza kuungua. Nafasi kati ya ncha zake ni milimita 0.6. Vespa za zamani zinazotumia platini badala ya mfumo wa kielektroniki huhitaji nafasi ya platini ya milimita 0.3 hadi 0.5, na nyuso zake zisafishwe kwa msasa laini.

Plagi hiyo hiyo ni barua kutoka ndani ya injini. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, huonyesha afya. Nyeusi yenye unyevu husema petroli au oili imezidi, au hewa imepungua. Nyeupe ndiyo ya kuogopwa: injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, inaungua kwa joto kali, na pistoni inaweza kushika ndani ya silinda wakati wowote.

Mgandamizo huhisiwa mguuni. Kiki inayoshuka bila ubishi, injini ikiwa imefungwa kila kitu, inaashiria ringi zilizochoka au silinda iliyolika.

Kabureta

Kabureta ya PX imo ndani ya kisanduku juu ya injini, na chujio la hewa limeikalia kichwani. Kifuniko cha ubavu hutoka, skurubu mbili za kisanduku hufuata, kisha skurubu mbili za chujio. Hapo jeti kubwa na jeti ndogo huonekana zikitazama juu, na kila moja hutoka kwa bisibisi bapa. Jeti ikiinuliwa kuelekea mwanga wa jua, tundu lake lionekane duara kamili. Likiwa limezibwa na utando wa petroli iliyokauka, jeti ilowekwe kwenye petroli safi na kupulizwa kwa pampu ya upepo. Lisichokonolewe kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba, hukwanguka haraka, na tundu likipanuka kidogo tu vipimo vyote huharibika. Chini ya kifuniko kidogo pale mpira wa petroli unapoingia kuna chujio la wavu ambalo nalo lioshwe.

Kabureta hushikwa na bolti mbili ndefu. Mkono mzito unaozikaza kupita kiasi hupinda kitako cha kabureta, na mlango wake wa ndani huanza kukwama: mwendeshaji anaachia mafuta, injini inaendelea kunguruma. Zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Skurubu ya mchanganyiko hufungwa taratibu hadi mwisho, kisha hurudishwa mzunguko mmoja na nusu. Marekebisho ya mwisho hufanywa injini ikiwa imepata joto.

Sili mbili zinazoua injini

Kranki imezibwa na sili mbili za mpira, moja kila upande. Ndizo zinazotenga chumba cha kranki na ulimwengu wa nje, na zikichakaa kila moja hutoa dalili yake.

Sili ya upande wa flaiwili ikivuja, injini huvuta hewa isiyopitia kwenye kabureta. Mngurumo hupanda wenyewe skuta ikiwa imesimama, plagi hugeuka nyeupe, na mwisho wake ni pistoni kushika. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya gia. Moshi mzito hutoka usiokoma hata injini ikipata joto, na oili ya gia hupungua bila tone kuonekana sakafuni.

Sili ya kwanza hubadilishwa bila kupasua injini. Kifuniko cha feni hutolewa, flaiwili hushikiliwa isizunguke, na nati yake ya katikati hufunguliwa. Katika PX nyingi, nati hiyo ikilegea hugota kwenye ringi ya chuma iliyo ndani ya flaiwili. Mwenye kuendelea kuizungusha atahisi ugumu, na hapo ndipo flaiwili inapong'oka yenyewe. Nyundo haina kazi hapo. Kabla ya kutoa bamba la koili lililo nyuma yake, mstari ukwaruzwe kupita juu ya bamba na injini, ili muda wa cheche urudi ulipokuwa. Ufunguo mdogo wa chuma ulio kwenye shafti utiwe kwenye kikopo mara moja, maana ni rahisi kupotea.

Sili ya upande wa klachi inadai injini ishushwe na kupasuliwa nusu mbili. Kazi hiyo yafaa mgeni aifanye akiwa na fundi mzoefu, na beringi zibadilishwe papo hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: sili ni kitu cha bei ndogo, kranki iliyoungua ni gharama ya injini.

Silinda, pistoni na ringi

Kichwa cha silinda kina nati 4. Hulegezwa kimshazari, robo mzunguko kwa zamu, na hukazwa kwa mtindo huo huo wakati wa kurudisha, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha skuta. Silinda hufuata kwa kuvutwa taratibu huku mkono mmoja ukiipokea pistoni isigonge. Jambo la kwanza baada ya hapo ni kujaza kitambaa safi kwenye mdomo wa chumba cha kranki. Vijiringi vinavyozuia pini ya pistoni vina tabia ya kuruka, na kimoja kikitumbukia ndani, injini yote itafunguliwa kukitafuta.

Masizi juu ya pistoni, ndani ya kichwa na kwenye tundu la eksozi hukwanguliwa kwa kijiti au kipande cha plastiki ngumu, kwa sababu chuma huacha mikwaruzo inayoshika masizi upya. Eksozi iliyoziba huifanya skuta ikose nguvu mlimani, na wengi hudhani pistoni imekwisha.

Silinda yenye michirizi inayoshikwa na ukucha hupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kupanulia. Zipo pistoni zilizozidi kipimo cha kwanza kwa milimita 0.2, 0.4 na 0.6, kwa hiyo silinda moja ya chuma inaweza kupanuliwa mara tatu. Pistoni hurudishwa mshale wa kichwani ukielekea tundu la eksozi. Kila ringi ina kijiti kidogo kwenye mfereji wake, na ncha za ringi lazima zikikumbatie. Ringi ikikaa vibaya itavunjika silinda inapoingizwa. Baada ya hapo injini huendeshwa kwa upole kwa kilomita 1,000 za kwanza.

Klachi, magurudumu na breki

Injini inaponguruma zaidi lakini skuta haiongezi mwendo, klachi inateleza. Kwanza uangaliwe waya: mkono wa klachi uwe na nafasi ya milimita chache kabla ya kuanza kuvuta. Waya uliokazwa mno hauachi sahani zishikane. Nafasi ikiwa sawa na klachi bado inateleza, sahani zimekwisha. Klachi hufikiwa baada ya kutoa gurudumu la nyuma, na nati yake hudai soketi maalumu yenye meno manne. Sahani mpya hulowekwa kwenye oili ya gia kabla ya kufungwa.

Gurudumu la PX ni la nchi 10, na la mbele na la nyuma hubadilishana. Rimu ni nusu mbili zilizounganishwa kwa nati, na nati nyingine hulishikilia gurudumu kwenye ngoma ya breki. Hapa ndipo watu huumia. Nusu za rimu zisitenganishwe kamwe kabla ya upepo wote kutolewa kwenye tyubu. Rimu yenye upepo ikifunguliwa hupasuka kama bomu. Upepo wa kawaida ni PSI 18 mbele na 26 nyuma kwa mtu mmoja, na 36 nyuma kwa wawili.

Nati kubwa ya gurudumu la nyuma hulindwa na pini ya kukunja. Pini hiyo huwa mpya kila nati inapofunguliwa, na kukazwa kwa nati kukaguliwe tena baada ya safari ya kwanza. Ikilegea, meno ya ngoma hulika, na gurudumu linaweza kutoka barabarani.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo, kwani viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Ngoma ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kiatu kilicholowa oili hubadilishwa, na sili iliyoivujisha hubadilishwa pamoja nacho.

Kutu

Kwa skuta ya pwani, adui mkubwa kuliko ubovu wa injini ni chumvi ya bahari. Kwa kuwa bati ndilo fremu, kutu ya Vespa hudhoofisha mwili wote. Sehemu za kukagua ni sakafu ya miguu, hasa chini ya mikanda ya mpira inayoficha maji, mahali pa gurudumu la akiba chini ya kifuniko cha kushoto, na pale breki ya mguu inapofungwa. Bisibisi inayopenya bati ikisukumwa kidogo inatoa hukumu: sehemu hiyo ikatwe na kuchomelewa bati jipya, baada ya tangi kutolewa kabisa. Kupaka rangi juu ya bati bovu ni kuficha hatari. Kuosha skuta kwa maji baridi na kupaka grisi viungo vya chini ni kinga isiyo na gharama.

Kuiboresha

Maboresho yana mpangilio wake, na kasi huja mwisho. Tairi mpya, viatu vizuri vya breki na shokapu isiyovuja hubadilisha tabia ya skuta kuliko pistoni yoyote. Anayebeba mtu nyuma kila siku anaweza kufunga breki ya diski mbele, ambayo Piaggio yenyewe iliipa PX mwaka 1998, au rimu za kisasa zisizohitaji tyubu.

Taa hufuata. Vespa ya zamani ya volti 6 hutoa mwanga hafifu. Kuihamishia volti 12 kunahitaji bamba jipya la koili linalolingana na flaiwili, kisanduku cha kielektroniki, kidhibiti volti, na balbu zote mpya. Balbu moja ya zamani ikiachwa itaungua. Faida ya pili ni cheche isiyotegemea platini. Taa za LED zinapendeza, lakini skuta nyingi hupeleka taani umeme wa mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye koili, na LED iliyotengenezwa kwa betri itapepesa au kufa. Inahitaji kidhibiti kinachougeuza umeme huo kuwa wa mkondo mmoja.

Wanaotaka nguvu hufunga silinda ya cc 177 mahali pa ile ya 125 au 150. Kipenyo chake ni milimita 63, na haihitaji kranki mpya. Kupanda mlima na mzigo huwa rahisi. Ila injini kubwa hula petroli zaidi, kwa hiyo jeti kubwa iongezwe, klachi iwe imara na plagi iwe ya baridi zaidi. Kwa NGK, namba ikipanda, baridi huongezeka. Anayebadilisha silinda bila jeti ataiona plagi nyeupe, kama muda utamruhusu kuiona. Ukubwa wa injini umeandikwa pia kwenye kadi ya usajili, na mabadiliko yake yanastahili kuripotiwa kwa mamlaka inayohusika na kwa bima.

Pistoni ikishika njiani, gurudumu la nyuma hujifunga ghafla. Kinachomwokoa mwendeshaji ni kubana klachi papo hapo, kisha kuiacha skuta iserereke hadi pembeni. Kwa hiyo, baada ya matengenezo yoyote ya injini, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikae juu ya klachi katika kilomita za mwanzo, mwendo uwe wa wastani, na skuta irudi nyumbani ikaguliwe nati kwa nati kabla ya abiria wa kwanza kupanda.